Mushiya Hampendi Nilza

Watu wengi wakiangalia filamu hulia pale wanapotakiwa kulia, hucheka pale wanapotakiwa kucheka, kisha hubeba viti vyao wakaenda kulala. Wifi yangu Mushiya hakuwa mtu wa namna hiyo. Yeye aliangalia filamu kama mwenye nyumba anavyomwangalia fundi aliyemlipa: jicho kwenye kila tofali na mdomo tayari. Ukikaa karibu naye hukusikia nusu ya maneno ya televisheni, na nasema hivi bila kinyongo, maana hiyo nusu mara nyingi haikuwa na maana.

Mimi ni Godelieve, dada mdogo wa mume wake. Kaka yangu Mbayo alikuwa fundi wa mitambo mgodini, nasi tulikaa Musonoi, mtaa wa Kolwezi kule Katanga, karibu sana na mashimo. Saa za kulipua mawe, sahani zetu zilicheza kabatini. Kaka alinunua televisheni ya rangi kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, enzi zile mshahara ulipokuwa bado ni mshahara. Ilikuwa peke yake katika barabara yetu, na kwa hiyo sebule yetu haikuwa yetu tena. Ilikuwa ya kila mama mwenye kitabure, yaani kigoda.

Sheria za sebule ile aliziweka Mushiya. Kila mtu aje na cha kukalia. Muziki wa mwanzo ukishapigwa, hakuna kusimama wala kusimamishana, hata kama uliyekaa naye mgongo kwa mgongo mlitukanana asubuhi kwenye bomba la maji. Ugomvi ungoje picha iishe. Na picha ikiisha, hakuna kukimbia: lazima tukate kesi, nani alikuwa na haki na nani ni mwizi wa mapenzi. Hapo ndipo Mushiya alipokuwa anaingia kazini.

Filamu za karate alizipenda, lakini hazikupona. "Banapigana muzuri," alisema, "lakini juu ya nini maadui banakuya mumoja mumoja? Bale bengine banangojea zamu sawa ku dispensaire?" Filamu za vita aliziuliza nani anapikia wale askari wote. Za Kihindi, alitaka kujua kwa nini watu wanaopendana wanakimbilia kwenye miti wakati nyumba zao zina vyumba vingi namna ile. Siku moja Fidélie, mke wa katekista, alileta kanda ya watakatifu, na sisi sote tukanyamaza kwa heshima. Mushiya alinyamaza vilevile mpaka mwisho, kisha akasema malaika ni wazuri ila wana tabia ya kuchelewa. Fidélie hakumsemesha wiki nzima.

Kisha ikaja ile tamthilia ya watu wa Brezili, Jumatatu na Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Sisi tuliiita Nyumba ya Kahawa. Walisema Kifaransa kwa midomo iliyokuwa inasema kitu kingine, lakini baada ya siku mbili tatu hukuona tena. Habari yenyewe ni ya msichana Nilza. Anatoka kaskazini kwenye ukame, anapanda lori kwenda kufanya kazi katika shamba la kahawa, anampata mtoto wa mwenye shamba, Otavio, wanaoana. Mama mkwe, Donya Celeste, hamtaki. Anamwita mtu wa kuja. Mwisho anamfukuza, na Otavio amesimama tu pale dirishani, anaangalia mvua.

Jioni ile Musonoi nzima ililia. Tata Mwenze, mdogo wa marehemu baba yetu, mtu wa miaka yake na tumbo lake, ambaye alikuja kila Alhamisi na kiti cha mgongo ili asichanganyike na vitabure, alitoa kitambaa mfukoni akajifuta waziwazi. "Ile mama muzee kama iko ya hapa, ingepigwa na radi," alisema. Mama Laurentine, jirani yetu wa mkono wa kushoto, alisema radi haitoshi.

"Mutamulilia mpaka wapi, huyu muzembe?" Mushiya alisema.

Watu wote waligeuka. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na kweli alikuwa amekasirika, si kwa mchezo.

"Banamufukuza, na yeye anatandika kitanda! Mulimuona? Alinyoosha mashuka, akapanga bitambaa, kiisha akabeba valisi. Ile kahawa njo yeye aliipanda na mikono yake. Batoto yake balizaliwa mule mu nyumba. Na anatoka polepole sawa mwizi, ao atasumbua batu!"

"Mwanamuke wa muzuri anavumilia, Mushiya," Tata Mwenze alisema kwa upole. "Mungu anamuona."

"Mungu anamuona, Tata, ndiyo. Lakini Mungu hakumuambia atandike kitanda."

Tulikata kesi mpaka vitabure vikachoka. Yeye alikuwa peke yake upande wake, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisema filamu zote za machozi zinadanganya namna moja: zinafundisha mtu mwema akae kimya, mwisho kuna atakayekuja kumtetea. Alisema ameishi miaka yake yote Kolwezi na hajamwona huyo mtu. Sisi tulisema Mushiya hana moyo. Alicheka, akaenda kukanda unga wa bitumbula zake za kesho, yale maandazi aliyouza asubuhi mlangoni pa uzio.

Sasa lazima niseme jambo ambalo miaka ile ya mwanzo hakuna aliyeona kuwa ni la kusemwa. Mushiya ni mtu wa asili ya Kasai, mkoa wa jirani. Baba yake aliletwa na treni kuchimba shaba akiwa kijana, akaoa, akazaa, akafa, na kaburi lake liko hapa. Mushiya mwenyewe alizaliwa Musonoi, akabatizwa Musonoi, akaolewa na kaka yangu Musonoi. Sisi ni Waluba wa kaskazini ya Katanga, tulitoka Kabongo. Mimi nilifika Kolwezi nikiwa na meno yangu yote. Nani alikuwa mgeni wa nani, hesabu mwenyewe.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi wa chini uliporomoka, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, unga wa posho ukakoma kuja, askari wakapora maduka. Watu wakawa na njaa, na mtu mwenye njaa anataka kujua nani amemla. Wakubwa wakamjibu kwenye redio. Walisema ni watu wa Kasai waliojaza ofisi, waende kwao. Mimi na ujinga wangu nilidhani shaba ilituishia kwa sababu hakuna vipuri. Kumbe ilimalizwa na Mama Tshibola, mama yake Mushiya, na kikapu chake cha mboga! Vijana wa chama chao wakaanza kuwaita watu hawa bilulu, wadudu. Walifunga kanga nyekundu kichwani, wakashika mapanga na petroli, wakapita nyumba kwa nyumba. Familia nzima zilihamia kituo cha treni, zikalala chini ya maturubai, zikingoja mabehewa ya kuwapeleka mahali ambako wengi wao hawajawahi kukanyaga.

Kila mtu katika barabara yetu alijua siku yetu itakuja. Ilianza Jumatatu, na haikuletwa na vijana. Ililetwa na Tata Mwenze.

Alikuja mchana pamoja na wazee wengine wa ukoo, wakakaa sebuleni, wakaomba maji. Katika ukoo wetu mke hasemi mbele ya wazee wa mume wanapokaa kikao. Anakaa jikoni, na dada wa mume anabeba maneno, anayapeleka na kuyarudisha. Kwa kawaida dada huyo anayaosha njiani: tusi likitoka jikoni linafika sebuleni likiwa ni salamu. Huyo dada ni mimi. Na siku ile niliamua sioshi kitu.

Tata Mwenze alikohoa. Kaka yangu Mbayo alikaa mkabala naye, macho sakafuni.

"Godelieve, ambia mulamu yako hivi. Sisi tunamupenda. Hatuna neno na yeye. Lakini wakati iko mubaya. Treni iko ya Ijumaa. Aende na mama yake, muzuri, bila makelele. Kama mambo inapoa tutatuma mutu amurudishe. Batoto ni ba kwetu, bao banabaki."

Nilienda jikoni. Mushiya alikuwa anachekecha unga na alikuwa amesikia kila neno, maana kati ya jiko na sebule kulikuwa na pazia tu. Lakini desturi ni desturi, nikamwambia yote. Mikono yake ilisimama nilipofika kwenye watoto. Walikuwa wawili, na mdogo alikuwa bado analala mgongoni kwake mchana.

"Baambie," alisema, "mi si Nilza."

Nikarudi nikasema: "Anasema yeye si Nilza."

Wazee waliangaliana. Mmoja ambaye hakuwa mtu wa televisheni aliuliza Nilza ni mtoto wa nani. Tata Mwenze alijua vizuri sana Nilza ni nani, na uso wake ukabadilika.

"Ile ni filme," alisema. "Hii ni maisha. Muambie banamuke ba namna yake banachomewa nyumba. Muambie na Mbayo atapoteza kazi."

"Kazi gani?" Mushiya alisema kutoka nyuma ya pazia, bila kunisubiri. Kisha akakumbuka, akaninong'oneza, nami nikapeleka: "Anauliza kazi gani. Mashine imesimama toka mwaka jana. Na anauliza tena: Tata Mwenze, weye ulikuya ku Kolwezi na treni ya mwaka gani? Maana yeye hakukuya na treni. Yeye alizaliwa hapa."

Mzee mmoja alianza kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Tata Mwenze alimgeukia kaka yangu.

"Mbayo. Ni weye mwenye nyumba. Sema."

Kaka yangu ni mtu mwema. Anaweza kutengeneza pampu kwa waya na maombi. Lakini tangu utoto, maneno yakimpata ghafla humezwa yote pamoja. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilitaka kumrushia kikombe, na mpaka leo nikikumbuka najuta tu kwamba kilikuwa tupu.

Tata Mwenze alisimama. "Vijana batapita huku Alhamisi, mbele ya treni. Kama banamukuta hapa, sisi hatumujue," alisema, na wazee wakatoka.

Mushiya hakumwuliza mumewe kitu jioni ile. Alimpakulia ugali, akaweka mboga, akawasha televisheni, tukaangalia Nilza akiosha nguo za watu mjini. "Muangalie," aliniambia. "Anaosha na machozi. Sabuni inafanya nini basi?" Lakini sauti yake haikuwa na nguvu zake za siku zote.

Jumatano tulienda kituoni kumpelekea mama yake chakula. Sitaki kusema mengi juu ya kituo kile. Watu walikuwa wengi, maji yalikuwa machache, na watoto walikuwa wanakohoa kila upande. Mama Tshibola alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, na paji lake la uso lilikuwa na kidonda cha jiwe. Alikula kitumbula kimoja, kingine akampa mtoto wa jirani.

"Mama," Mushiya alisema, "kule Mwene-Ditu kwenye treni inakupeleka, unajua nani?"

"Sijue mutu. Baba yako njo alijua."

"Baki na miye."

"Mi nimechoka, mwana. Siwezi tena kusikia batoto mwenye nilibauzishia mboga bananiita kilulu. Weye unaweza?"

Mushiya alifikiri kwanza. "Naweza," alisema.

"Basi baki. Lakini usibaki juu ya bwana yako. Bwana anaweza kugeuka. Baki juu yako mwenyewe."

Nilingoja Mushiya atoe moja ya maneno yake kuhusu wanaobeba masanduku. Njiani kurudi nilimwuliza mbona hakumsema mama yake kama anavyomsema Nilza, na alinikaripia mpaka masikio yangu yakawaka. Nilza, alisema, alifukuzwa kwa mdomo wa mwanamke mmoja, na alikuwa na mlango wa kufunga. Hawa walifukuzwa kwa mapanga. Asiyeona tofauti hiyo asikae mbele ya televisheni yake. Alisema yeye hajui kama vijana watakuja na mdomo au na mapanga, na kwamba anaogopa tangu Jumatatu. Alilisema hilo barabarani kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga. Nilimshika mkono na sikuuachia mpaka nyumbani.

Usiku ule sikupata usingizi, na alfajiri nilijua la kufanya. Sikutaka kuwaomba watu ushujaa, maana ukimwomba mtu ushujaa anaanza kutafuta sababu za kuukataa. Nilipita nyumba kwa nyumba nikasema kitu kimoja tu: leo ni Alhamisi, mje mapema. Fidélie aliniambia mumewe hataki atoke. Nikasema vizuri, nitampa mtu mwingine nafasi yake. Alikunja uso. Nafasi yake ilikuwa ya mbele, karibu na picha.

Kwa Mama Laurentine nilikaa zaidi, kwa sababu kiongozi wa vijana wa barabara yetu alikuwa Dodo, mtoto wake wa tumbo.

"Godelieve," alisema, "Dodo anasema batakuya kwenu leo."

"Najua. Weye utakuya kuangalia ao apana?"

Alikuwa anapepeta maharage na hakuacha kupepeta. "Kitabure yangu iko na muguu ya kuvunjika," alisema.

"Nitakupa kiti ya mugongo. Tata Mwenze hakuyi leo."

Saa kumi na moja na nusu hakukuwa na mtu. Mushiya alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kukaanga bitumbula sinia zima. Hakufunga mzigo wowote. Kaka alikaa kwenye kona yake karibu na mlango wa chumba, mtoto mkubwa miguuni pake, mdogo mapajani. Nilisikia kitabure cha kwanza kikigonga kizingiti, nikageuka: Fidélie, bila salamu, moja kwa moja mahali pake. Kisha mwingine, na mwingine. Mama Laurentine alifika wa mwisho, akakaa kwenye kiti cha mgongo katikati kabisa ya sebule, miguu ameipanua kama mtu anayekaa kwake. Hakuna aliyetaja vijana. Walizungumza kama Otavio atapata akili au hapana.

Muziki ulipoanza kupigwa, vijana walikuwa mlangoni. Walikuwa kama sita au saba, vitambaa vyekundu vichwani, na Dodo mbele na panga lake. Nyuma yao mmoja alikuwa na galoni la petroli.

"Mushiya, toka inje," Dodo alisema. "Saa yako imefika."

"Dodo, ondoka mbele ya picha," mama yake alisema bila kugeuka.

Dodo alipepesa macho. Hakuwa amemwona. "Mama? Weye unafanya nini humu?"

"Naangalia filme. Muziki imekwisha kupiga, hatusimame. Kaa chini ao toka inje, unaleta kivuli."

Wanawake wengine walimsonya Dodo, wakamfukuza kwa mikono kama wanavyofukuza kuku. Alisogea. Nasema kweli, alisogea! Alizoea sebule ile tangu alipokuwa hana meno ya mbele, na sheria ya muziki ilikuwa ndani yake kabla ya chama. Alisimama pembeni ya mlango na wenzake. "Tutangojea iishe," alisema. "Kiisha atatoka."

Basi tukaangalia. Sijui kilichotokea katika nusu ya kwanza. Nilikuwa nasikiliza galoni likitikiswa. Nakumbuka tu kwamba Nilza alirudi kwenye daraja la shamba, amepanda lori, na Donya Celeste alikuwa amesimama barazani. Lori likasimama. Nilza akafungua mlango wa lori.

Umeme ukakatika.

Hiyo ilikuwa kawaida yetu miaka ile. Bwawa la umeme la Nzilo lina maji tele, lakini nyaya zilikuwa zimechoka kama watu. Picha ikawa doa, doa likazimika. Bado kulikuwa na mwanga wa jioni, tukaonana nyuso. Kijana mmoja mlangoni akacheka. "Imeisha," alisema. "Filme imeisha. Bamama, murudi ku manyumba yenu."

Sasa hapakuwa na picha ya kusingizia. Kila mmoja mle ndani angeweza kusimama, kubeba kitabure chake, na kesho kuapa kwamba alikuja kumwangalia Nilza tu. Niliona Fidélie akishika ukingo wa kitabure chake. Niliona akiuachia. Hakuna aliyesimama. Hakuna hata mmoja, na wote walikuwa na hofu, maana nilisikia wanavyopumua.

"Haiyaisha," Mushiya alisema.

Alisimama mbele ya televisheni iliyokufa.

"Nilza anatelemuka mu lori," alisema. "Hapite nyuma, ku mulango ya jikoni. Anapita ku mulango ya mbele. Ile mama muzee anamuambia: weye ni mutu wa kuya, toka. Nilza anamuambia: ndiyo, mi nilikuya na lori. Na weye ulikuya na nini? Uliota hapa sawa kahawa?"

"Eee!" wanawake waliitikia.

"Anaingia mu chumba. Kile kitanda alitandika, anavuta mashuka yote, anatupa chini. Anasema: sasa mutandike benyewe. Anaenda mu jikoni, anatia chungu ku moto, anaita batoto yake bakule. Donya Celeste analia. Nilza anamuambia: lia, mama, machozi ni yako, lakini nyumba ni yetu sisi wote, na miye sitoke."

Mama Laurentine alipiga makofi, kisha wote wakapiga makofi. Dodo aliona kwamba jambo linamponyoka. Alimpita mama yake kwa macho, akamtafuta mwanaume wa nyumba katika giza lililoanza kuingia.

"Sisikilize banamuke," alisema. "Mbayo! Weye njo mwenye nyumba. Weye ni mutoto wa Katanga sawa sisi. Sema neno moja: huyu ni wako, ao tumubebe?"

Lilikuwa swali lile lile la Tata Mwenze, na nilijua jibu ambalo kaka alikuwa amelitoa.

Mbayo alimweka mtoto chini. Alisimama, akapita katikati ya vitabure, akafika mbele. Aliweka mkono begani kwa mke wake, akamkazia macho Dodo, akakaa hivyo. Fidélie alianza kujifuta machozi.

Mushiya aliuondoa ule mkono.

"Apana," alisema. "Mukono apana. Ile njo bya mu filme: mwanaume anatia mukono ku bega, anakaza macho, na hajasema kintu. Mi sikumuolewe Otavio. Weye uko na kinywa, Mbayo. Batu hawa banakuuliza, na miye nakuuliza. Sema."

Kaka alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Jasho lilimtoka.

"Huyu ni bibi yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hatoki."

"Ba ku nyuma habakusikia," Mushiya alisema.

Basi kaka yangu Mbayo, ambaye maneno yake humezwa kooni, alivuta pumzi na kusema tena kwa ile sauti ya mgodini, ya mtu anayepaza juu ya mashine: "Huyu ni bibi yangu! Hatoki! Mwenye anataka kumutoa aanze na miye!" Mtoto mdogo akaangua kilio. Barabara nzima ilisikia. Baadaye tuliambiwa hata Tata Mwenze, nyumba ya nne, alisikia.

"Umesikia, Dodo," Mama Laurentine alisema. Sasa alikuwa amesimama, na alikuwa ameshika galoni, sijui alilitoa lini mkononi mwa yule kijana. "Toka mbele yangu. Kwenda nyumbani. Maharage iko mu chungu."

Dodo alimtazama mama yake, akawatazama wenzake, na wenzake walikuwa wameshaanza kurudi nyuma kwenye uzio. Alitema mate kizingitini ili aonekane bado mtu, akaondoka. Jumamosi walirudi, wakakuta vitabure vimejaa na umeme hakuna. Hawakurudi tena.

Treni ya Ijumaa ilimchukua Mama Tshibola. Mushiya alikimbia kando ya behewa mpaka mwisho wa kituo, akalia mpaka sauti ikakauka, na mimi nililia naye. Kisha alijifuta kwa ncha ya kitenge, akakataa kupita njia ya vichakani niliyomwonyesha, akarudi Musonoi kwa miguu, mchana kweupe, kwa barabara kubwa, akimsalimia kila aliyekutana naye kwa jina lake.